Kuhama na Picha ya Ukutani

Mtu anapohama huchukua kitanda, sufuria na sanduku lake, ukuta hubaki. Je, ikiwa ukuta huo una picha iliyochorwa kwa mkono, ambayo watoto wa nyumba wameitazama kila asubuhi, wajibu wa mwenye nyumba ni upi? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa: ni kitu gani ambacho mwanadamu hapaswi kukiacha nyuma, na ni nani mwenye haki ya kukichagua?

Tazama, msomaji, yaliyotokea katika nchi ya Wanubi, mpakani mwa Misri na Sudan. Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga Bwawa Kuu la Aswan, na ikajulikana kuwa maji ya Mto Nile yangefunika vijiji vingi. Huko Faras, wataalamu wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walichimba mchanga toka 1961 hadi 1964, wakafukua kanisa kuu la kale. Kuta zake zilijaa picha za watakatifu, wafalme na maaskofu, zilizoanza kuchorwa katika karne ya 8. Walizifunika kwa karatasi nyembamba yenye nta na ulimbo, wakapitisha pasi ya moto ili karatasi ishikamane na rangi, kisha wakaikata lipu kwa nyuma. Picha zaidi ya 100 ziliokolewa. Nyingine zilipelekwa Khartoum, nyingine Warsaw.

Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini Wanubi wenyewe nao walikuwa na nyumba zilizopambwa kwa rangi na kwa udongo uliofinyangwa, na sahani zilizopachikwa ukutani. Kuanzia Januari 1964 watu wapatao 50,000 wa Wadi Halfa na vijiji vyake walihamishiwa Khashm el-Girba, mbali na mto wao. Kuta zao hazikukatwa. Mtafiti Marian Wenzel aliyanakili mapambo yao, akayatolea kitabu mwaka 1972. Kuta zenyewe zilizama.

Mtu aweza kusema kuwa picha ya miaka elfu ina thamani kupita ukuta wa jana. Hoja hiyo ina nguvu, lakini umri si kipimo pekee. Picha za kanisa zilikuwa zimezikwa mchangani, hazionwi na mtu; mapambo ya nyumba yalipendwa na watu walio hai. Ni kweli kwamba kukata kuta za maelfu ya nyumba kusingaliwezekana. Haki, basi, si kuchukua kila kitu. Haki ni kumwuliza mwenyewe kwanza: kipi ungeona uchungu kukiacha?

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini asili ni lipu, au ni mkono ulioipamba? Wanubi wa Misri waliohamishiwa Kom Ombo walipewa nyumba zilizofanana zote. Haukupita muda mrefu, wakaanza kujenga vibaraza na kuzipamba kuta upya. Sanaa ilikuwa imehama nao mikononi. Wala makumbusho si kinga ya milele: vita vilipozuka Khartoum mwaka 2023, Makumbusho ya Taifa ya Sudan yaliporwa.

Hata hivyo, neno hili lisiwe kisingizio cha uvivu. Mkono usio na kielelezo husahau, na mzee akifa huondoka na maana ya alama alizozichora. Kwa hiyo, ikiwa nyumba yenu itahamwa, inakili picha kabla ya siku ya safari. Andika jina la mchoraji na mwaka wake. Uliza kwa nini alichagua rangi ile na mnyama yule. Kama yaweza kutolewa bila kuharibika, itolewe kwa ridhaa ya wenyewe. Kama haiwezekani, mtoto mmoja na afundishwe kuichora.

Ukifanya hayo, waweza kuufunga mlango kwa moyo mtulivu. Ukuta utakuwa umebaki, na deni lako kwa aliyeupamba litakuwa limelipwa.