Jirani Yangu, Safina Yake na Kicheko Chetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu katika imani, nina swali moja. Mtu akisema Mwenyezi Mungu amemwonyesha jambo, nasi hatuna hakika nalo, tuna wajibu gani kwake? Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinikuta nyumbani kwetu Koboko, wakati wa likizo.

Jirani yetu ni mzee seremala, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Aliota usiku tatu mfululizo kwamba maji yamefunika bonde lote na watu wanaita kutoka juu ya mapaa. Akaanza kujenga mashua nyuma ya nyumba yake, kati ya mihogo na banda la mbuzi, urefu wa hatua kumi na nane. Koboko hatuna ziwa, na Nile iko mbali upande wa mashariki. Watoto wakampachika jina la Nabii Nuhu. Nami, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hapa Arua, nilipiga picha ya zile mbavu za mbao nikaituma kwenye kundi letu la simu pamoja na maneno ya mzaha. Watu walicheka sana, nami nikafurahi.

Baada ya wiki mbili mkewe alikuja kwa mama kukopa unga. Ndipo tukajua kwamba ng'ombe wawili wameuzwa kununua mbao na misumari, na binti yao wa mwisho amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Usiku ule nilifungua Surat Hud. Humo tunaelezwa kwamba Nuhu (A.S.) alipokuwa akiunda safina, wakubwa wa kaumu yake walimkejeli kila walipopita. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na siku zote nilijiweka upande wa Nuhu. Safari hii nilijiona miongoni mwa wapita njia.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba mzee alikuwa sahihi kwa sababu tu alichekwa. Si kila anayechekwa ni Nuhu. Nuhu aliunda safina kwa amri na wahyi, na wahyi umekwisha kwa Mtume wetu (S.A.W.). Ni kweli, Mtume ametufundisha kwamba ndoto njema ya muumini ni sehemu moja katika sehemu arobaini na sita za utume. Hata hivyo, wanazuoni wametueleza kwamba ndoto ya mtu asiyekuwa nabii haiwi dalili ya sheria. Inaweza kumpa mtu bishara au tahadhari. Haiwezi kumwondolea wajibu, na kuwalisha walio chini yako ni wajibu. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwatelekeza wale anaopaswa kuwalisha.

Sisi Waganda tuna sababu ya kuwa waangalifu. Mwezi Machi mwaka 2000, kule Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa baada ya kuwafuata viongozi waliodai kuona maono. Tena kule Uholanzi yuko mjenzi mmoja, Johan Huibers, ambaye mwaka 1992 aliota nchi yake imezama. Alijenga safina, na mwaka 2012 akamaliza nyingine kubwa zaidi, ya vipimo vya Biblia, ambayo watu waliingia kuitazama. Wote hao walisema wameonyeshwa, na mwisho wao haukufanana hata kidogo. Kwa hiyo nguvu ya ndoto peke yake haitupi hukumu. Tutazame ndoto inadai nini, na ni nani anayelipa gharama. Kwa jirani yetu, aliyelipa ni binti wa sekondari.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Basi tulikuwa na haki ya kucheka." Hapana. Surat Hujurat imetukataza kudharauliana, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Na kicheko chetu hakikuokoa hata shilingi moja ya karo ile. Kilichofanya ni kumfukuza mzee barazani baada ya Isha, mahali pekee ambapo angeweza kushauriwa. Anayecheka huona kwamba amekwisha kujibu, kumbe amekwepa kazi ya kujibu.

Kumbukeni hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyopokewa na Bukhari. Watu walipiga kura katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Nia yao ilikuwa njema! Mtume akasema wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Huwezi kumshika mtu mkono ukiwa umesimama mbali naye na simu yako.

Nilikwenda kumwona, nikaomba radhi. Hakupunguza mwendo wa randa yake. Akasema, "Mwanangu, mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yaliwatoa watu majumbani kule Pakwach. Mimi nilidhani naonywa. Wewe unayesoma dini, mbona hukuja kuniuliza siku ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Siku ya Ijumaa imamu na wazee wawili walikaa naye mpaka Magharibi. Hawakumwambia kwamba ndoto yake ni ya uongo, kwa maana hawakujua. Walimwambia karo itangulie, mbao zifuate. Alinyamaza kitambo, kisha akakubali. Binti amerudi shuleni. Mashua bado iko pale, haijakamilika, na mbuzi hulala chini yake mvua inaponyesha.

Picha yangu nimeifuta, ila wengine walikwisha kuisambaza, na hiyo siwezi kuirudisha.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata, na utukinge na kicheko kinachoufanya moyo kuwa mgumu. Amin. Wabillahi tawfiq.