Kibarua Kikiota Nyasi Kibiti

Kwa karne nyingi, mkata boriti wa delta ya Rufiji alikuwa na soko la kutegemea. Aliingia mkokoni maji yakishakupwa, akakata msinzi na mkandaa, akaipanga miti yake kwa korja, ishirini ishirini: fito na pau kwa upande mmoja, boriti na nguzo kwa upande mwingine. Majahazi yaliibeba mpaka Unguja, Lamu na Ghuba. Hata upana wa vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ulifuata urefu wa boriti hizo. Mwaka 1987 serikali ikapiga marufuku ukataji wa mikoko, na kazi ya baba na babu ikafungwa mchana kweupe.

Miaka 16 baadaye ikafika zamu ya wengine. Magari ya Lindi na Mtwara yalikuwa yakivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea abiria walikwama njiani, wakala na kunywa hapo hapo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mabasi yakapita bila kusimama. Daraja ni neema, wala hakuna anayetamani foleni irudi. Lakini mama aliyekuwa akiuza wali na samaki kivukoni hakuwa tena na wa kumuuzia.

Sasa ni zamu ya kizazi kingine. Juu ya mto huo huo, ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulioanza mwaka 2019 uliwapa ajira vibarua wengi. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, megawati 2,115. Bwawa likiisha kujengwa, fundi zege na fundi nondo hufungasha. Shambani nako hakukuwa na uhakika, kwani Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mazao na makazi ya watu Rufiji na Kibiti. Kijana wa namna hiyo ndiye anayeonekana leo stendi ya Kibiti na bodaboda ya mkataba, akihesabu abiria kabla jua halijazama, maana jioni tajiri anataka hesabu yake.

Kijana huyo akifika msikitini huambiwa asubiri, riziki anagawa Mwenyezi Mungu. Ni kweli tupu. Surat Hud, aya ya 6, inafundisha kuwa hakuna kiumbe kitembeacho ardhini ila riziki yake iko juu ya Allah. Kazi ni mlango tu, na mwenye kufungua milango hajafungiwa na yeyote. Ila neno hilo likitoka kinywani mwa aliyeshiba na kuishia hapo, halijafikia mwendo wa Mtume (s.a.w.).

Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik habari ya Muanswari aliyekwenda kwa Mtume kuomba. Mtume hakumfukuza, wala hakumtia sarafu mkononi akamwacha aende. Alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Kilikuwapo kitambaa kizito, nusu wakijifunika na nusu wakitandika, na bakuli la kunywea maji. Akaagiza vyote viletwe, kisha Mtume wa Allah, kwa mikono yake mitukufu, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza nani ataongeza, mpaka zikapatikana mbili. Moja ikawa ya chakula cha familia, ya pili ya shoka. Mpini aliutia Mtume mwenyewe, akamtuma yule bwana akakate kuni na asionekane kwa siku 15. Akarudi na dirhamu kumi.

Inafaa kutazama mpangilio wake. Watoto walikula kwanza. Kisha kikapatikana chombo cha kazi, na muda wa kukijaribu. Na mnunuzi alitoka miongoni mwa waliokuwa wamekaa pale, kwa hiyo jamaa ilishiriki kumsimamisha mwenzao. Tawakali ya Muanswari yule ilikuwa na shoka mkononi, na shoka lile lilitokana na wenzake.

Mwenye kuajiri naye ana sehemu yake. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama yumo aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi aliyeachishwa baada ya kutimiza mwaka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Muislamu mwenye kampuni, ghala au mashua anayewazungusha watu wake mpaka wachoke kudai asidhani sala za usiku zitaifuta haki hiyo.

Hatari kubwa zaidi humpata aliyekatikiwa kazi pale anapoikimbilia mikopo ya kausha damu. Ni riba iliyo wazi, na inampokonya mtu kitanda na simu wakati hana kipato. Al-Baqara, aya ya 280, inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Njia nyingine ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa, na vijana wengi huishia kwenye makaratasi. Kamati ya msikiti yenye mwalimu au karani mstaafu inaweza kukaa nao baada ya Ijumaa, ikawaandikia katiba na kuwafuatilia mpaka ofisini.

Na wenye mikorosho, wafanyabiashara wa Bungu na Jaribu, msimu ukifunguka na fedha zikiingia, waikumbuke zaka. Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane ya kupewa, na wenye madeni wamo. Kijana aliyenyang'anywa pikipiki ya mkataba akiwa amebakiza marejesho ya miezi miwili, tena anasali safu ya pili, hahitaji kutafutwa mbali.