Kama Mruka, Lakini si Mruka

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, baba mdogo aliuza mti. Ulikuwa umesimama chini kabisa ya kihamba chetu cha Uru, bondeni, pale kijito kinapopita kabla mfongo haujayachukua maji yake. Nilikuwa nadaiwa ada. Wachana mbao walikuja na chensoo asubuhi, na ilipofika jioni bonde zima lilikuwa na mwanga ambao sikuwahi kuuona pale tangu nizaliwe.

Nilimwuliza bibi ulikuwa mti gani. Kwa bibi kila mti una jina, na kila jina lina kazi. Msesewe ndio unaoipa mbege uchungu wake. Mringaringa huchongwa mizinga ya nyuki. Mruka hukipa kahawa kivuli. Isale huonyesha mpaka kati ya ndugu na ndugu, na mtu aliyekosa hulishika mkononi anapokwenda kuomba msamaha. Lakini kuhusu mti ule wa bondeni alitikisa kichwa. "Ni kama mruka, lakini si mruka," alisema. "Ni mti tu, mjukuu wangu."

Ada ikalipwa. Nikamaliza chuo. Mti nikausahau.

Ulinirudia mwaka 2025, siku niliposoma habari kuhusu Tessmannia princeps. Ni mti wa msituni unaofikia urefu wa mita 40, wenye maua meupe, uliokutwa kwenye milima ya Udzungwa, katika mabonde mawili tu. Waliouona mwaka 2019 wakati wa kukagua mimea ni Andrea Bianchi pamoja na Watanzania wawili, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma. Miaka sita baadaye ukatangazwa rasmi kuwa ni spishi mpya kwa sayansi. Pete za shina zilipohesabiwa, ilikadiriwa kwamba mikubwa kabisa kati ya miti hiyo huenda ina miaka elfu mbili hadi elfu tatu.

Mti wa miaka elfu mbili, nao unaitwa mpya. Najua wengi wetu tukisikia hivyo huwa tunacheka. Tumeshazoea kuambiwa kwamba mzungu fulani aligundua mlima ambao babu zetu walikuwa wakiuona kila asubuhi wakitoka kukojoa. Bwenini nilikuwa hodari wa hoja hiyo. Nilikuwa nasema hakuna ugunduzi, kuna kuchelewa kufika tu. Wenyeji walijua siku zote.

Safari hii hoja ilinikwama kooni, kwa sababu nilimkumbuka bibi. Yeye ni mwenyeji kama mwenyeji anavyoweza kuwa. Ameishi mita mia mbili kutoka mti ule kwa zaidi ya miaka sabini. Na hakuujua. Haikuwa kwa ujinga. Mti haukumpa mbege wala mzinga, haukuwa na sababu ya kupewa jina. Kusema kwamba wenyeji walijua kila kitu ni kuwasifia kwa kitu ambacho wenyewe hawakudai. Ni njia nyingine ya kutowasikiliza.

Basi nikaanza kuwaza kwamba kuna namna mbili za kukipa kitu jina. Ya kwanza ni ya bibi: jina hufuata kazi. Mti hupata jina siku unapoingia katika maisha ya watu, na jina hilo hubeba ndani yake mapishi, dawa, mipaka na misiba. Ya pili ni ya wanasayansi: jina hutolewa kabla ya kazi. Mtaalamu hukata tawi lenye majani na maua, akalibana katika magazeti likauke, akalipeleka hebaria, akalilinganisha na matawi yaliyokusanywa kwa karne nzima. Akiridhika kwamba halifanani na lolote, huandika maelezo: majani madogo mangapi kwenye jani moja, petali za namna gani, tunda linapasukaje. Sampuli moja huteuliwa kuwa shahidi wa jina hilo daima. Hakuna anayeuliza mti huo unafaa kwa nini. Nadhani hilo ni jambo la heshima kuliko tunavyokiri. Ni kumtazama mgeni mlangoni na kumwuliza "wewe ni nani?" kabla ya kumwuliza "umetuletea nini?"

Lakini heshima hiyo ina masharti yake, na masharti hayo yanauma. Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa 2011, kanuni za kimataifa zilitaka maelezo ya mmea mpya yaandikwe kwa Kilatini. Tangu 2012 yanaruhusiwa kwa Kilatini au Kiingereza. Ina maana kwamba ukiuelezea mti wa Udzungwa kwa Kiswahili fasaha, jani kwa jani, bila kosa hata moja, mbele ya kanuni utakuwa hujasema kitu. Tessmannia ni kumbukumbu ya Günther Tessmann, Mjerumani aliyekusanya mimea huko Afrika ya Kati. Princeps ni Kilatini, maana yake mkuu, aliye mbele ya wengine. Hakuna silabi ya Udzungwa ndani yake.

Isitoshe, sampuli hufa pia. Mwaka 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ikaungua, pamoja na sampuli nyingi zilizochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mashahidi waliteketea Ulaya, huku miti yenyewe ikiendelea kunyeshewa mvua huku kwetu bila kujua kwamba imepoteza ushahidi wake.

Swali linalonisumbua ni jingine. Je, jina humlinda mwenye jina? Tunapenda kuamini hivyo. Hatuwezi kulinda tusichokijua, huwa tunasema. Hata mlimani kwetu, mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Andreas Hemp amepima mti wa mita 81.5 katika bonde la Mrusungu, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika, ghafla kila mtu Moshi alikuwa na fahari nao. Tarakimu ilifanya kazi ambayo kivuli chake hakikuifanya kwa karne nyingi.

Ila ule wa Udzungwa unanijibu tofauti. Misitu yake miwili, Boma la Mzinga na Uluti, ni hifadhi za misitu za vijiji, aina ya hifadhi inayotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mti ulikuwa ndani ya hifadhi ya kijiji kabla haujawa na jina. Jina liliukuta umeshasimama, na ulikuwa umesimama kwa sababu kuna watu waliokubali kutolima pale. Hawakuhitaji kujua princeps ni nini. Walikubali kuacha kitu kizima, pamoja na vilivyomo wasivyovijua.

Mwaka jana nilirudi Uru kwa Krismasi kama Wachagga wote wanavyorudi. Nilishuka bondeni. Kisiki kilikuwepo bado, kipana kama meza ya kulia chakula, na pembeni yake kulikuwa na machipukizi manne. Majani yake yalikuwa madogo sana, yamepangwa mistari kwa mistari kama manyoya ya ndege. Kama mruka, lakini si mruka. Nilikata kitawi kimoja, nikakibana ndani ya gazeti na kukilalia chini ya godoro siku nne, kisha nikampelekea rafiki niliyesoma naye, ambaye kazi yake ni mimea.

Zile wiki mbili za kungoja sikulala vizuri. Kila usiku nilijiona nimesomeshwa kwa mti wa mwisho duniani. Nilipiga hesabu ya kipuuzi: ada ya mwaka mmoja kwa spishi nzima.

Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi, na kialama cha kicheko mwishoni. Newtonia buchananii. Mti unaofahamika, unaoota kwenye mabonde yenye maji kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Jina lake linamtaja Buchanan fulani aliyekusanya mimea Malawi, huko karne ya 19. "Usijali," rafiki yangu aliandika, "ipo mingi."

Nilipumua. Nilikaa kitandani nikapumua kwa raha kabisa, na ni raha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kwani nini kilikuwa kimebadilika? Mti ulikuwa uleule. Ulikuwa umeanguka asubuhi ileile, na mwanga ulikuwa umeingia bondeni vilevile. Wiki mbili nilikuwa mwuaji, sasa nilikuwa mtu aliyelipiwa ada. Kilichonisamehe ni idadi ya ndugu zake walioko mahali pengine. Tungemfikiriaje mtu anayeambiwa jirani yake amefariki, akauliza kwanza ukoo una watu wangapi?

Sisemi mti ni mtu, wala sisemi baba mdogo alikosea. Bila mbao zile pengine nisingekuwa na elimu ya kujiuliza maswali haya, na hilo pia ni deni. Ninachosema ni kwamba uadimu ni sababu nzuri ya kuharakisha ulinzi, lakini ni sababu mbaya ya kuanzia heshima. Tukingoja kitu kibaki kichache ndipo tukitazame, basi tunachokiheshimu ni uchache.

Nilimpigia bibi simu nikamwambia jina. Alilijaribu mara mbili, likamkatalia ulimini, akacheka. Kisha akauliza kama yale machipukizi bado yapo, kwa sababu mbuzi wa jirani hupita kule. Nikamwambia yapo manne. Wiki iliyofuata alimtuma kijana akazungushie masale.