Mgongo wa Kabati

Katika majumba ya mawe ya Lamu na Unguja, ambamo kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa masika na kukawia nao muda mrefu baada ya mvua kukatika, seremala aliyeagizwa kabati la kujengewa ukutani hukabiliwa na suala ambalo naliona ni la dini kabla ya kuwa la ufundi: upande utakaouelekea ukuta, usioonwa tena na jicho la mwanadamu mpaka nyumba ibomolewe, je, una haki gani juu yake?

Mafakihi wameichunguza sana biashara ya kitu kisichoundwa bado. Wahanafi waliiruhusu kwa jina la istisnaa, kwa kuwa watu wameizoea na wanaihitaji. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wameifunga kwa masharti ya salam, yaani sifa zibainishwe na thamani itolewe yote palepale penye mapatano. Lakini kuficha aibu ya kitu kinachouzwa wote wamekuharimisha. Basi fundi azibaye ufa wa mninga kwa unga wa randa na gundi, kisha akaupitishia vanishi nzito ili mwenye nyumba asiutambue, hukumu yake haihitaji maneno mengi.

Ama yule aliyeuacha mgongo wa kabati mkavu, huyo hakuficha kitu; ameacha tu wema usiodaiwa, na hapo sheria hunyamaza, ikabaki ihsani. Wapo wasemao kuwa kukishughulikia kisichoonekana ni israfu, na hoja yao siidharau, maana ujira wa siku inayotumika kwa upande huo hutoka mfukoni mwa mtu. Nami nakubali kuwa msasa wa nyuma hauna faida. Vanishi ni jambo jingine. Ubao ukipakwa upande mmoja tu, ule wa pili hunywa unyevu wa ukuta, ukatanuka, ukaupinda ubao wote, hata milango isifungike, na hayo hudhihiri baada ya miaka, wakati ambapo hakuna amkumbukaye fundi wala wa kumlaumu. Aupakaye mgongo vanishi huku akiyajua hayo, kwangu mimi, yumo ibadani.

Kwa hiyo naona mwenye nyumba amlipe siku hiyo ya ziada, wala asimtake kulipindua kabati ili ahakikishe, kwani akimtaka hivyo, ile kazi imerudi kuwa ya macho ya watu.