Thumuni ya Mjane



Mwezi uliopita mjane mmoja hapa Mbale aliniuliza haki yake. Shemeji zake walikuwa wamemfungia nyumba. Jibu nilikuwa nalo: mwenye watoto hupata thumuni, Suratun-Nisaa aya ya 12. Nikamwambia tu, “Mama, tafuta wakili.” Hata nauli hakuwa nayo.

Dada yetu mmoja, wakili wa mambo ya familia, alimwandikia madai bure, kwenye baraza ya msikiti. Mimi niliyefaulu mtihani wa mirathi niliona haya.

Khaula bint Tha'laba alipomshtaki mumewe, Mwenyezi Mungu alimsikia, ikateremka Suratul-Mujaadila. Sisi tunamsikia nani?

Elimu nayo ina zaka. Jumamosi nitakuwa barazani, inshaallah. Njooni.

Wabillahi tawfiq.