Nilificha Ugonjwa Ili Kulinda Ushuhuda



Nina kovu katikati ya kifua tangu nikiwa na miaka mitano. Nilizaliwa na kasoro ya moyo iitwayo Tetralojia ya Fallot: tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, na njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni. Madaktari waliziba tundu, wakapanua njia. Tuliporudi nyumbani tukatolea Misa ya shukrani, na tangu hapo mama husimama kwenye jumuiya akishuhudia: "Mwanangu huyu, Mungu alimponya kabisa."

Mwaka jana moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Nimekaa tu kwenye mazoezi ya kwaya, ghafla unadunda kama ngoma, kisha kizunguzungu. Nikanyamaza miezi minne. Niliogopa kisu, ndiyo, lakini zaidi niliogopa mama ataonekana mwongo, na Mungu ataonekana kama fundi aliyelipua kazi.

Je, ni halali kuficha ugonjwa ili kulinda ushuhuda?

Siku nilipozimia mazoezini, siri ikaisha. Daktari alinieleza taratibu. Njia ile ikishapanuliwa, mara nyingi valvu yake hubaki inavuja. Damu inarudi nyuma, na kwa miaka mingi chumba cha kulia cha moyo kinatanuka. Makovu ya pale paliposhonwa nayo huweza kuvuruga umeme unaoendesha mapigo. Kazi ya kwanza haikuwa mbovu. Bila hiyo huenda nisingefika hapa. Sasa nahitaji valvu mpya, na hiyo nayo huenda ikachakaa siku moja. Ndiyo maana kliniki ya moyo ni ya maisha yote, hata ukijisikia mzima.

Nilitafakari sana kitandani. Lazaro alifufuliwa kweli, na bado siku nyingine alikufa. Nani atasema Yesu alimdanganya Martha? Kwenye Baba Yetu tunaomba mkate wa leo, hatuombi ghala. Uponyaji wangu ulikuwa wa kweli bila kuwa wa mwisho. Sisi ndio tuliongeza neno "kabisa", halafu mimi nikataka kulilinda kwa uongo. Mungu hahitaji wakili mwongo. Na amri ya tano inagusa pia uhai wangu mwenyewe. Nilikuwa nauchezea, huku nikijiita mwenye imani.

Nilipomwambia mama yote, alikaa kimya muda mrefu. Jumamosi iliyofuata alisimama kwenye jumuiya kama kawaida: "Mungu alimponya mwanangu. Sasa tunamwomba tena."

Ndugu yangu, kama kuna maumivu unayaficha ili watu wasiseme imani yako ni ndogo, mwambie mtu leo. Halafu nenda hospitali.

Upasuaji wangu ni baada ya Pasaka. Naogopa bado. Tuombeane.