Nyundo ya Daikoku

Wapendwa, tukisikia neno "sanamu" wengi wetu tunawaza jitu kubwa la dhahabu. Huko Japani kulikuwa na miungu ya kutoshea kiganjani. Enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, watu walivaa kimono, vazi lisilo na mifuko. Mwanamume alining'iniza mfuko wa tumbaku au kijikasha cha dawa mshipini kwa kamba, na kamba isiponyoke akafunga kishikizo cha mbao au pembe ya ndovu, kinachoitwa netsuke. Vingine vilichongwa sura za miungu ya bahati. Ebisu ameshika samaki. Ni wa wavuvi na wafanyabiashara. Daikoku husimama juu ya magunia ya mchele, nyundo mkononi. Watu waliamini akiipiga, mali hutoka.

Vinyago vikubwa kidogo vya hao wawili viliwekwa rafuni nyumbani, vingine karibu na jiko, vikawa vyeusi kwa moshi. Leo vinauzwa kama vitu vya kale. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naangalia bei: masizi ya miaka mingi ya maombi ya watu ndiyo humwonyesha mnunuzi kwamba kitu ni cha zamani kweli. Yeye haombi kitu. Anakiweka kabatini, basi.

Sasa nani mwabudu sanamu? Ni rahisi kumnyooshea kidole mkulima aliyeinamia mbao. Lakini aliomba nini? Mchele, wateja, watoto wasilale njaa. Si hayo hayo tunaomba kwenye kesha? Moyo wake Mungu anaujua. Huenda alishukuru kuliko wengi wetu.

Kwa maoni yangu, shida haiko kwa ombi, iko kwa nyundo. Nyundo ni chombo. Anayeishika ndiye anaamua. Mtu anaweza kuchoma kila kinyago na bado amshike Mungu hivyo hivyo: nimetoa sadaka, nimefunga siku tatu, mbona gari halijatoka? Hiyo ni lugha ya risiti. Dukani ni sawa, ukilipa unadai. Lakini mtoto hamdai baba yake kwa risiti.

Kwa hivyo, mpendwa, jipime na mwezi ule kazi ilipoisha na simu zikanyamaza. Ulipopiga magoti, ulikuwa unaongea na Baba, au ulikuwa unatikisa nyundo uone kama bado inafanya kazi?